Kabla Hujapita Geti la Mirerani: Namna ya Kuwashirikisha Watu Kwenye Utafiti wa Saratani ya Mapafu

Mama mmoja mchekechaji alinishika mkono sokoni Mirerani akaniuliza, "Dada, yale makohozi yangu mliyapeleka wapi?" Miaka miwili ilikuwa imepita tangu ateme kwenye kikopo, na mimi ndiye niliyemshawishi ateme. Mradi ulishafungwa, vijana wenye vishikwambi wamerudi walikotoka, mimi nimebaki na fulana yenye nembo. Sikuwa na jibu. Nilimlipia mafungu mawili ya nyanya nikatokea upande wa nyuma wa soko.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya hapo nilichekecha udongo wa mgodini miaka sita, nikitafuta chembe za tanzanaiti kwenye mabaki yaliyotupwa. Siku hizi timu za utafiti wa magonjwa ya kifua zikija Simanjiro hunitafuta niwe mratibu wao wa jamii. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomwambia mtafiti kijana siku ya kwanza, kabla hatujagusa suala la posho. Yanahusu Mirerani, ila aliyeko kwenye machimbo ya Geita au Chunya atajua mwenyewe cha kubadilisha.

Anza na mrejesho

Watafiti wengi huja na dodoso tayari, limeshapigwa muhuri, ndipo wanauliza, "Sasa tuwashirikishe vipi wananchi?" Hapo wamechelewa. Mimi naomba karatasi nyingine kabisa: ile inayoeleza siku ya kurudisha majibu. Nani atayarudisha? Atasimama wapi? Ndani ya siku ngapi? Na je, fedha yake ipo kwenye bajeti, au imeandikwa tu kwenye maelezo? Siku hizi nasoma bajeti kabla ya utangulizi. Bajeti ya mradi mmoja ilikuwa na mafuta ya gari ya miezi minane ya kukusanya takwimu, na safari moja tu ya kurudisha, tena ya kwenda Dodoma.

Kwenye fomu ya ridhaa, dai iandikwe hivi: "Majibu yako utayapata zahanati, kwa mtu fulani, ndani ya siku kadhaa, hata kama ni mazuri." Hayo maneno manne ya mwisho yana uzito kuliko yote. Zamani tulikuwa tunasema, "Tukikuta tatizo tutakupigia." Tulidhani tunampunguzia mtu wasiwasi. Mzee mmoja akakaa miezi miwili simu iko mfukoni, hata akienda kuoga anamwachia mjukuu aishike. Simu isipolia hajui kama amepona, kama namba iliandikwa vibaya, au kama ameonekana na kitu kibaya na watu wanaogopa kumwambia. Majibu yake yalikuwa safi tangu wiki ya pili.

Halafu uliza njia. Ukipiga picha ya kifua ukaona kivuli, mtu huyo anaenda wapi kesho yake asubuhi? Kwa hapa njia ni ndefu: kituo cha afya, kisha Kibong'oto kule Siha, ambako kifua kikuu kimetibiwa tangu 1926, au hospitali ya mkoa Arusha, halafu hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kwa siti-skani na kuchukuliwa kinyama, na akihitaji mionzi pengine asafiri hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kila kituo kina nauli yake, na kila nauli ina mtu wa kusindikiza. Mradi usiokuwa na jibu la nani analipa hatua mbili za kwanza, mimi siuingizi kwa mtu. Kumwonyesha mwenzako kivuli kifuani mwake kisha ukampa mkono wa kwaheri ni ukatili, hata kama kamati ya maadili imepitisha.

Jamii ni nani hapa

Upande wa serikali nitaupita haraka, maana huo unafundishwa. Unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisha barua inashuka: mkoa, wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja. Mwenyekiti aliyerukwa hatakukatalia, atakwambia tu "karibuni," na watu hawatatokea. Eneo la machimbo limezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 tangu 2018, kwa hiyo kuna na ruhusa ya kupita getini. Barua zote hizo zinafungua geti. Mdomo wa mtu zinauacha ulivyo.

Mdomo unafunguliwa na watu wengine. Kuna wenye leseni, yaani mabosi wa migodi. Kuna wanaapolo, wanaoshuka mamia ya mita chini kuchoronga miamba. Kuna sisi wachekechaji, wengi wanawake, tunaokaa juu kwenye vumbi lilelile likishapandishwa. Kuna madalali, mama lishe, na wake wa wachimbaji wanaofua zile nguo. Kuna Wamaasai wenye maboma ya jirani, ambao walikuwepo kabla jiwe lenyewe halijaonekana 1967, na ukitaka kuongea nao pitia kwa laigwanani, kiongozi wao wa kimila, ukae, unywe chai, usitoe karatasi siku hiyo.

Mradi mmoja ulikuja na kisanduku cha kazi kilichoandikwa "mchimbaji" tu. Nikauliza, mchekechaji anaingia wapi? Kijana akajibu kwa upole kabisa kwamba mchekechaji si mchimbaji, yeye aandikwe "mama wa nyumbani". Nilimpeleka kwenye rundo la mabaki saa nne asubuhi, upepo ukiwa umeamka. Alikaa dakika kumi na miwani yake ikawa nyeupe. Wakati huo akina mama wanachekecha, wengine wana watoto mgongoni. Kisanduku kikaongezwa jioni ileile. Wakitoka hapo wanakwenda kupikia kuni ndani ya chumba kimoja, na moshi wa kuni nao umo kwenye orodha ya vitu ambavyo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani unasema huenda vinasababisha saratani. Kwa hiyo ukimwandika mama wa nyumbani asiyevuta sigara, umefuta vumbi na moshi kwa kalamu moja.

Kuna kundi jingine ambalo halipo kabisa, na hili ndilo linaloharibu takwimu nyingi za migodini. Mwanaapolo akizidiwa na kifua habaki Mirerani. Anarudi kwao, Kondoa, Singida, Rombo, anakwenda kufia kwa mama yake. Unaowakuta hapa ni wale ambao bado wana pumzi ya kushuka shimoni. Ukiwapima hao peke yao utaandika kwamba wachimbaji wana mapafu mazuri, na hutakuwa umedanganya, ila hutakuwa umewaona wagonjwa.

Wagonjwa wanapatikana kwa mama lishe. Yeye ana daftari la madeni. Anajua fulani aliacha kula lini, alikuwa anakohoa vipi, na anadaiwa sahani ngapi za wali maharage. Usiombe kunakili daftari lake, ni siri yake ya biashara na ni siri za watu. Mwombe yeye mwenyewe awapigie simu awaulize kama wako tayari kutafutwa. Kwa njia hiyo tulipata wanaume tisa ambao hakuna orodha ya mgodi iliyokuwa na majina yao. Wawili walikuwa wameshafariki, wake zao wakataka kuongea kwa niaba yao. (Mmoja wa wale walio hai aliitikia upesi, akidhani mama lishe amesamehe deni.)

Swali la kaka yangu

Kaka yangu alichoronga miaka kumi na minne. Alipoanza kukohoa alipimwa makohozi, hayakuwa na vimelea. Picha ya kifua ikaonyesha mabaka, akaanzishiwa dozi ya TB ya miezi sita. Akamaliza. Akapata nafuu kidogo, au tulijipa moyo. Akarudi kukohoa, akaanzishiwa tena. Mara ya tatu, hospitali kubwa ikachukua kinyama na majibu yakaja saratani. Tulimzika kabla mvua za vuli hazijaisha.

Sisemi hivyo kumlaumu daktari. TB imejaa migodini, na vumbi la mawe yenye silika lenyewe humrahisishia TB kuingia. Mtu akikohoa, akakonda, akatoa jasho usiku na kutema damu, daktari wa hapa akifikiria TB kwanza amefikiria vizuri. Tatizo ni kwamba saratani ya mapafu nayo inakuja na dalili hizohizo, na silika imetajwa kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu tangu 1997. Mtu anaweza kuwa na vumbi lililokomaa kifuani, TB na saratani, vyote pamoja. Na hapa ndipo pengo linapoonekana kwa macho: bosi akikohoa wiki tatu anapanda gari kwenda kupigwa siti-skani. Mwanaapolo anapewa dozi, na dozi ikiisha anapewa nyingine. Wote wawili wamevuta hewa ya mgodi mmoja.

Kwa hiyo usimuulize mtu, "Je, kuna historia ya saratani katika familia yako?" Atakwambia hakuna, naye anasema kweli kwa anavyojua. Hapa watu hufa kwa "kifua", au "TB ya mgodini", au kwa kurogwa na mwenzake aliyemzidi jiwe. Uliza hivi: "Kwenu kuna mtu aliyetibiwa kifua, akamaliza dozi, asipone?" Swali hilo nilipewa na mama yangu mzazi, alipokuwa analalamika tu. Tulipoliweka kwenye dodoso la majaribio watu walinyamaza, wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Lugha ya fomu nayo inataka watu, haitaki kamusi. Fomu moja ilikuja imeandikwa "sampuli za kibayolojia zitahifadhiwa kwa matumizi ya tafiti za baadaye." Nikawasomea wanaume sita kwenye kijiwe cha kahawa. Mmoja akauliza kama ni mbegu za mahindi. Tukaandika upya: "Makohozi yako na kinyama chako vitawekwa kwenye friji maabara, pengine miaka kumi, ili watafiti wengine wavipime. Ukikataa visitunzwe, bado utapimwa na utapewa majibu yako." Kama vitavuka mpaka, iandikwe kwamba vitavuka na nchi itajwe. Kuna mkataba wa kusafirisha sampuli unaotakiwa kwa hilo, na mshiriki ana haki ya kujua upo.

Na uvumi utakuja tu. Bibi zetu walimwogopa mumiani, mtu anayenyonya damu na kuiuza, na siku hizi mumiani anabeba kisanduku cha barafu na anapanda Land Cruiser. Usicheke. Usiitishe mkutano wa kukanusha, maana hata asiyesikia atasikia. Sisi tuliwachukua watu watano waliochaguliwa na wenzao, tukawapeleka maabara, wakafunguliwa friji, wakaona vichupa vina namba badala ya majina. Aliyekuwa mkali kuliko wote aliomba kuangalia kwenye hadubini, akakatalia hapo mpaka foleni ikakasirika. Akarudi Mirerani akasimulia wiki nzima. Nauli ya watu watano ilitusaidia kuliko vipeperushi elfu mbili.

Hesabu ya sigara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali hili linaonekana dogo na ndilo linalowaacha watu nje.

Vitabu vinataka ujue mtu amevuta pakiti ngapi kwa siku, uzidishe kwa miaka. Hesabu hiyo ina historia yake. Marekani, utafiti mkubwa uliotoa majibu yake 2011, wenye watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kwamba kuwapiga wavutaji siti-skani ya mionzi midogo kila mwaka hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Kazi nzuri. Lakini watu weusi ndani yake hawakufika hata watano katika kila mia. Mwaka 2013 jopo la kitaifa la huko likaweka vigezo vya nani apigwe siti-skani hiyo: uwe na miaka 55 hadi 80, na uwe umefikisha hesabu ya 30, yaani kama pakiti moja kwa siku miaka thelathini. Ikaja kuonekana kwamba Wamarekani weusi wengi wanaopata saratani hii huipata wakiwa na umri mdogo zaidi na wamevuta sigara chache kuliko wazungu. Kwa hiyo waliokuwa hatarini walifika mlangoni wakaambiwa hesabu yao haijatimia. Vigezo vikashushwa 2021: miaka 50, hesabu 20. Miaka minane hapo katikati.

Sasa leta hesabu hiyo Mirerani. Nani ananunua pakiti? Sigara inauzwa moja moja kwenye kibanda, na hiyo moja inavutwa na wawili, "niachie pafu moja, bwana." (Kiswahili kina mzaha wake: tunaomba pafu kwa kuharibu pafu.) Uvutaji wenyewe unafuata jiwe. Mtu akiwa hana kitu anavuta mbili kwa siku, za kuombaomba. Siku mgodi ukitoa jiwe anavuta pakiti mbili na kuwagawia majirani, miezi mitatu, kisha anarudi kwenye kuomba. Ukimuuliza "pakiti ngapi kwa siku" atakutazama, ataona unataka namba, atakupa namba.

Tulichofanya ni hiki. Tulikaa na wanaume wanane na bakuli la maharage. Kila harage ni sigara moja. Hatukuuliza miaka, tuliuliza vipindi: kabla hujaja mgodini, mgodi wa kwanza, ulipopata jiwe, ulipofilisika, ulipooa. Kwa kila kipindi anapanga maharage ya siku moja ya kawaida, na nusu sigara inakatwa nusu harage. Wenzake wanamsahihisha, "Wewe muongo, kipindi kile ulikuwa unavuta kuliko gari bovu." Ilichukua saa moja na nusu badala ya dakika mbili. Mtakwimu alilalamika, baadaye akaandika mwenyewe kwenye ripoti kwamba njia ya maharage itumike. Maharage tulimpa mama lishe.

Bangi iulizwe faragha, na asiwepo mtu yeyote wa ofisi ya kata hata kama ni rafiki yenu. Ugoro uliza kwa akina mama wa Kimaasai, wasiulizwe na mwanaume.

Ila sigara isimeze vumbi. Ukimaliza maharage, uliza vipindi vilevile kwa upande wa kazi: alichoronga kavu au kwa maji, alikaa shimoni saa ngapi, baada ya baruti kulipuka walisubiri muda gani kabla ya kurudi ndani. Nimeona madodoso yenye maswali kumi na mawili ya sigara na moja la vumbi. Mchimbaji akisomewa hayo anajua mapema kesi imeshaamuliwa: ugonjwa ni tabia yake, mgodi hauna neno.

Kamati yenye meno

Kila mradi una kamati ya ushauri ya jamii siku hizi, maana wafadhili wanaitaka. Nyingi ni picha ya pamoja na soda. Kipimo changu ni kimoja: kamati imewahi kufuta nini? Yetu ilifuta swali la kama mtu amewahi kuingia shimoni bila ruhusa ya mwenye leseni. Mtafiti alilitaka kwa nia njema, apate saa za vumbi. Kamati ikasema, swali hilo likivuja mtu anafungwa. Likatoka.

Tulikuwa kumi na mmoja. Mwanaapolo anayeshuka na mwanaapolo aliyestaafu kwa kifua, wachekechaji watatu, mama lishe, mwenye leseni mmoja, mke wa marehemu, muuguzi wa zahanati, kijana wa boma aliyesoma, na shekhe. Mchungaji alikuwa aje, akahamishwa usharika. Mwenye leseni awe mmoja tu, lakini awepo. Bila yeye mabosi wanaamini mnatafuta sababu ya kufungiwa migodi, na amri inatoka kimya kimya kwamba anayehojiwa asirudi kazini. Siku za kujadili mabosi, yeye alikuwa anatoka kwenda kuongea na simu. Hatukumwambia atoke, alikuwa anajua.

Malipo: nauli na thamani ya siku aliyopoteza. Mchekechaji asipochekecha leo, leo hali. Ukimlipa kidogo mno utabaki na wajumbe wenye uwezo wao. Ukimlipa mno, kiti kinakuwa ajira na hakuna atakayethubutu kukupinga. Sisi tuliwaachia wao wapendekeze kiwango, wakataja kidogo kuliko nilichotegemea.

Jiandae kwa swali la fidia. Litaulizwa kikao cha kwanza, na anayeuliza ameshasikia habari za Afrika Kusini, ambako mahakama iliidhinisha 2019 makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi, ule ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, na kifua kikuu, kiasi cha randi bilioni tano. "Na sisi je?" Usikwepe. Sema kweli: utafiti huu hautoi fidia. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi 2015, lakini wanaapolo wengi hawana mkataba wala mshahara, wanasubiri mgawo jiwe likitoka, na asiye na mkataba ana kazi ngumu kuthibitisha alikuwa mwajiriwa wa nani. Unachoweza kumpa ni karatasi yake. Kila aliyepimwa aondoke na nakala ya picha na majibu, yenye tarehe na muhuri. Iwe yake, aiweke sandukuni na cheti cha ubatizo.

Bosi asipewe. Bosi atayaomba majibu ya watu wake, pengine kwa wema, ili awapumzishe waliougua. Mkatalie. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, muonyeshe. Kabla ya sheria kuna akili ya kawaida: mchimbaji akijua picha yake inakwenda kwa bosi, kesho hakuna atakayevua shati mbele ya mashine.

Mahali pa kukutana napo, usimhoji mtu getini. Anayetoka pale ametoka kukaguliwa mwili mzima, ana njaa, anaona kila mwenye karatasi ni mkaguzi mwingine. Wanaume wafuate kijiweni jioni, kwenye kahawa na bao, usikilize siku mbili kabla hujafungua mdomo. Wachekechaji wafuate alfajiri kabla upepo haujaamka.

Siku ya kurudisha, na baada yake

Kikao cha kwanza cha mrejesho nilichokiona maishani kilikuwa na projekta, grafu za Kiingereza, na watu waliosinzia wakisubiri chakula. Cha mwisho tulikifanya jioni kwenye uwanja wa shule. Mchekechaji mmoja alisimama na chekecheke na udongo mkavu, taa ya kofia ya mgodini ikawashwa kutoka upande. Vumbi likaonekana kwenye mwanga kama moshi. Akarudia na udongo ulionyunyiziwa maji, mwanga ukabaki mtupu. Watu wakapiga makofi, ikabidi daktari asimame kuharibu sherehe: hilo mnaloliona ni vumbi kubwa, linakwama puani. Linaloingia hadi chini ya pafu ni dogo mno, halionekani hata kwenye taa hii. Nilipenda kwamba alisema, ingawa ilitupoza.

Kisha ugomvi ukaanza, ugomvi mzuri. Kuchoronga kwa maji ni sawa, lakini Simanjiro ni kavu, maji yenyewe tunanunua, nani ayashushe shimoni? Mwenye leseni akasema gharama. Mwanaapolo akasema, "Na dozi ya TB siyo gharama?" Tuliandika kila neno. Maswali sita ya jioni ile ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa andiko la utafiti uliofuata, na majina ya waliouliza, kwa ridhaa yao, yamo kwenye shukrani.

Waliofariki katikati ya utafiti, majibu yao yapelekwe nyumbani kwa miguu, na mtu mzima, baada ya arobaini, na umuulize kwanza mjane kama anataka kuyasikia. Mmoja alikataa. Bahasha yake bado ninayo.

Na simu ya mradi usiikate. Fedha ikiisha laini huwa inazimwa, na watu wanaanza kuja kugonga kwangu usiku. Kwa hiyo wiki ya mwisho kaeni na muuguzi wa zahanati, mkabidhi orodha ya wanaosubiri majibu au rufaa, kwa maandishi, mbele ya kamati, na laini ibaki kwa mtu wa hapa. Ya mradi uliopita ninayo mimi. Naiwekea vocha ya elfu moja kila mwezi. Mwezi uliopita ililia mara tatu: wawili walitaka kujua Kibong'oto wanapokea siku gani, na wa tatu alikuwa yule mama wa nyanya, anataka kumleta mwanawe apimwe.